Namba Inayompendeza Mkubwa



Hivi karibuni alitujia kijana mmoja tuliyemfundisha zamani. Sasa anafanya kazi katika kampuni yenye maduka makubwa kadhaa, naye amewekwa kuwa mkuu wa vijana watano. Kazi yao ni kuchunguza hesabu: bidhaa zipi zimeuzwa, zipi zimebaki ghalani, zipi zitakwisha kabla ya lori kufika. Watu hao huitwa wachanganuzi wa biashara.

"Mwalimu," alituambia, "kila Jumatatu vijana wangu huniletea namba nzuri. Nikishuka dukani, rafu ya sukari ni tupu. Niwafanyie nini?"

Hatukumjibu upesi, maana swali lake lilitugusa mahali tusipopenda kuguswa.

Tulipotoka katika masomo ya ualimu, tulipewa darasa la tatu katika shule moja ya msingi. Kila mwisho wa mwezi mkurugenzi alibandika ukutani mahudhurio ya kila darasa, na mwalimu wa darasa la mwisho alisemwa mbele ya wenzake. Tulisemwa mara mbili. Mwezi wa tatu tukaanza kuwaandika wasiokuwapo kana kwamba wapo. Darasa letu likapanda, tukasifiwa. Lakini mtoto mmoja alikuwa amelala nyumbani majuma mawili na homa kali, wala hakuna mtu wa shule aliyekwenda kumtazama, kwa kuwa daftari lilisema yupo. Alipona, Mungu ashukuriwe. Aliporudi amekonda, tulishindwa kumtazama usoni.

Baada ya kumwungamia kijana hayo, tulimsimulia habari ya Target, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani. Mwaka 2013 ilivuka mpaka na kufungua maduka zaidi ya 120 nchini Kanada kwa mwaka mmoja tu. Kwa haraka hiyo, wafanyakazi wengi wasio na uzoefu walipewa kuingiza katika kompyuta habari za maelfu ya bidhaa: vipimo, bei, idadi ya vitu katika kila katoni. Makosa yakawa mengi. Vipimo vingine viliandikwa kwa inchi badala ya sentimita. Maghala yakafurika mali, huku wateja wakikuta rafu tupu. Tarehe 15 Januari 2015 kampuni ilitangaza kwamba itaondoka Kanada. Ilikuwa na maduka 133 na wafanyakazi wapatao 17,600.

Mwaka uliofuata jarida moja la biashara la huko lilieleza jambo linalohusu swali la kijana wetu. Wachanganuzi, wengi wao wakiwa wametoka chuoni karibuni, walipimwa kwa asilimia ya bidhaa zilizopatikana madukani. Programu yao iliwawezesha kuzima uagizaji wa bidhaa fulani, na bidhaa iliyozimwa haikuhesabiwa tena kuwa imekosekana. Baadhi yao wakazima. Asilimia ikapanda, rafu ikabaki tupu. Hila hiyo ilipogunduliwa, kilitengenezwa chombo cha kuonyesha kila kilichozimwa, na wachanganuzi wakaondolewa uwezo ule. Sababu za kuanguka kwa kampuni zilikuwa nyingi, na hiyo haikuwa kubwa kuliko zote. Lakini iliwafanya wakubwa waone nafuu mahali palipokuwa na ugonjwa.

Kijana akasema, "Basi niwaadhibu wanaonidanganya?"

Tulimwuliza: "Mwenzako akikuletea namba mbaya, neno lako la kwanza ni lipi?" Akanyamaza kidogo, kisha akakiri: "Huwa namwuliza, ni kosa la nani."

Hapo ndipo tulipomshauri. Neno la kwanza liwe, "Unahitaji nini?" Naye ashuke dukani pamoja nao, mara moja kwa juma, wahesabu magunia kwa macho yao na kulinganisha na yaliyoandikwa. Atakayekutwa akidanganya aonywe waziwazi. Lakini anayeleta ukweli mchungu asiaibishwe mbele ya wengine.

Alirudi baada ya majuma matatu. Msichana mmoja wa kundi lake alikuwa amemletea hesabu mbaya kuliko zote za mwaka, na yeye alimshukuru. Kisha akatuambia kwa sauti ya chini: "Sasa, Mwalimu, hesabu hiyo lazima niipandishe mimi kwa mkubwa wangu. Na yeye hajajifunza kushukuru."

Hatukuwa na njia rahisi ya kumpa. Tulimkumbusha mtoto yule wa darasa la tatu. Aliinuka, akatuaga, akaenda na karatasi yake.

Katika vikundi vyenu, vijana, jiulizeni: ni hesabu gani kwetu huandikwa ili kumpendeza mkubwa? Na mwenzetu aletapo iliyo mbaya, sisi humpokeaje?