Waya Niliukata Mimi, Fimbo Akala Binamu

Msomaji wangu, leo naomba unisikilize kama padri anavyomsikiliza mtu kwenye kitubio. Nina dhambi moja, na dhambi yenyewe ni ya waya.

Mwaka 2009 nilikuwa darasa la tatu, naishi kwa mjomba hapa Mbinga mjini. Mjomba alikuwa mtu wa kahawa. Msimu mmoja mambo yakamnyookea, akaenda Songea akarudi na gemu ya kaseti. Zile za Kichina, nakala ya mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kaseti ilijinadi kuwa na gemu 9999, kumbe ukihesabu ni chache tu zinajirudia kwa majina mengine. Hatukujali! Enzi hizo gridi ya taifa ilikuwa haijafika Ruvuma, ilikuja mwaka 2018. Umeme ulikuwa wa majenereta, na ukikatika mko hatua ya mwisho, nyumba nzima inalia kama kuna msiba.

Basi bwana, siku moja nilikuwa naunga spika ya redio yangu, nikakosa waya. Nikautazama ule wa gemu. Nikachukua wembe, kacha!

Mjomba aliporudi akauliza nani kakata. Kimya. Binamu yangu, mtoto wake wa kumzaa, wiki hiyo hiyo alikuwa amevunja kioo cha taa. Nani angeniwazia mimi? Alichapwa fimbo sita huku akiapa kwamba si yeye. Nilikuwa nyuma ya mlango nazihesabu. Gemu ikatupwa darini.

Mjomba alifariki mwaka 2019. Majuzi tukisafisha dari nikaikuta, ina vumbi na mkia uliokatwa. Nikaapa nitaitengeneza nimpelekee binamu.

Adapta yake ilikuwa imepotea. Nikatwaa ya redio, ile ya kuchagua volti, nikaiweka 9 kama gemu ilivyoandikwa. Kichwa kikaingia vizuri, nikawasha. Mwee! Ilitoka harufu, picha hakuna.

Nikakimbilia kwa fundi redio wa sokoni. Akacheka. "Mdogo wangu, volti umesoma, alama hujasoma." Akanionyesha kimchoro chini ya gemu: ya kwetu ilitaka hasi katikati na chanya nje. Adapta yangu ilikuwa kinyume chake. Ndani ya gemu mna kidude cha miguu mitatu kiitwacho 7805, kazi yake kushusha volti 9 ziwe 5. Ndicho kilichoungua, kikawaokoa wenzake. Fundi akachomoa kingine kwenye redio mbovu ya gari, akalehemu. Nami nikakata waya wa adapta, nikageuza nyaya, nikazungushia tepu.

Ikabaki kamba ya picha. Kwanza nilitumia waya wa spika za masikioni. Picha ikacheza kama mlevi, sauti inanguruma. Fundi akaniambia waya wa picha unataka kuvaa nguo, yaani ule wavu wa shaba unaozunguka uzi wa kati na kuzuia makelele. Nikakata kipande cha waya wa antena. Uzi wa kati ukaenda kwenye pini, wavu kwenye ganda. Viwili hivyo vikigusana tu, picha huna.

Nikapanda gari, tukashuka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay. Binamu siku hizi ni mvuvi wa dagaa, ana mtoto wa miaka sita. Kufika, nikaishiwa nguvu: TV yake ni bapa, na tundu la AV ni dogo kama la spika za masikioni! Tukakata pini ya spika za simu, zile zenye maiki, pini ya vipande vinne. Kipi cha picha, kipi cha sauti? TV nyingine hivi, nyingine vile, ni kubahatisha. Chuma cha kulehemu hatukuwa nacho, tukachoma msumari kwenye jiko la mkaa. Binamu akashika msumari, mimi nikashika nyaya.

Hapo ndipo nikasema. "Binamu, ule waya niliukata mimi."

Hakujibu. Msumari ukapoa mkononi mwake.

"Mzee amekwenda akijua ni mimi," akasema.

Niseme nini? Sikuwa na neno. Akaurudisha msumari kwenye mkaa, akaupuliza moto. "Shika vizuri, unatetemeka."

Mara ya kwanza ikanguruma tu. Tukabadilisha nyaya mbili, picha ikaja, rangi zote. Mtoto akapiga kelele. Usiku ule binamu hakwenda ziwani, walicheza baba na mwana mpaka mtoto akasinzia na padi mkononi.

Asubuhi akanisindikiza stendi. Hakunitukana. Alisema neno moja tu: "Ukifika Mbinga, mwambie mama."

Nimefika siku ya tisa leo. Mlangoni kwake nimepita mara nne, nasalimia, naondoka. Lakini najua gazeti hili analisoma, hasa ukurasa huu, kwa sababu ni wangu.

Basi mama, ni mimi. Jumamosi nakuja na sukari kilo mbili. Fimbo andaa wewe, ni sita.