Maji Ndani ya Pumzi ya Gari: Safari Yangu ya Kwanza Houston

Nilibeba koti. Dar es Salaam kila aliyeniaga alinikumbusha koti, maana kwa wengi wetu Marekani ni nchi ya theluji. Milango ya uwanja wa ndege wa Houston ilipofunguka, nikapokewa na joto la Kariakoo mwezi Machi: hewa nzito, yenye unyevu, inayonatisha shati mgongoni kabla mtu hajafika maegesho. Nilikuwa nimebadilisha ndege Doha, nimevuka bahari na mabara, na bado nimefikia hewa ya pwani. Sikujua siku ile kwamba unyevu huo ndio ungekuwa mwalimu wangu wa kwanza Texas.

Aliyekuja kunipokea ni mtoto wa mama yangu mkubwa, kwa hiyo ni kaka yangu. Alikuja na pikapu ya milango minne, yenye boneti iliyonifika kifuani. Nyumbani gari la ukubwa ule lingekuwa na kazi ya kubeba saruji au mahindi. Hapa lilitumwa kumchukua mgeni mmoja na begi lake. Tukaingia barabara ya I-10, kipande kinachoitwa Katy Freeway, ambacho mahali pengine kina njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Mimi niliyeona fahari njia nane za Kimara hadi Kibaha nilinyamaza nikawa natazama tu.

Mvua ilikuwa inanyesha. Kaka aliendesha kwa utulivu kwa muda mrefu, kisha akakanyaga mafuta ili kulipita lori. Gari likatetemeka. Likawa linamisi, halina nguvu, na taa ya injini ikaanza kuwakawaka kwenye dashibodi. Moyo wangu ulishtuka, lakini yeye aliachia mafuta taratibu, akarudi njia ya kulia, na baada ya muda mfupi gari likatulia.

"Kaka, limepatwa na nini?"

"Limekunywa maji, mdogo wangu. Intakula imejaa. Kesho tutaimwaga."

Nilidhani "tutaimwaga" maana yake ni kumpigia simu fundi. Kwetu gari likimisi unajua pa kwenda: gereji bubu chini ya mwembe, fundi anatandika boksi, anaingia uvunguni, na wewe unaagiza soda. Kaka akanieleza kwamba gereji za hapa hutoza kwa saa, na saa moja mara nyingi hupita dola 100, robo milioni ya shilingi zetu. Kwa sababu hiyo watu wengi hufanya wenyewe kazi wanazoziweza.

Jumamosi asubuhi alibonyeza kidude, na ukuta mzima wa mbele ya nyumba ukapanda juu wenyewe. Ndani kulikuwa na gereji kamili: spana zimepangwa kwa namba, bisibisi, jeki ya magurudumu, taa za kuning'iniza. Vifaa ambavyo kwetu Dar, mtaa wa Gerezani, vingehudumia mafundi kadhaa wakiazimana, hapa ni vya mwenye nyumba mmoja. Kilichonifurahisha zaidi ni binti yake, mwanafunzi wa sekondari, aliyekaa karibu na sanduku la vifaa akimpa baba yake spana kabla hajamaliza kuitaja namba.

Injini ilikuwa imelala usiku kucha, imepoa kabisa. Kaka alizuia magurudumu ya nyuma kwa kabari, akanyanyua mbele kwa jeki, kisha akaweka vigoda vya chuma chini ya chesisi na kulisukuma gari kwa nguvu kuona kama litatikisika. "Jeki ni ya kunyanyulia," alisema, "si ya kulalia chini yake." Nimewaona mafundi wetu hodari wakilala chini ya gari lililoshikwa na jeki moja na mawe, na kauli ile ilinigusa. Vigoda vile si ghali. Uhai wa fundi hauna bei.

Tukavaa miwani na glavu. Tulifungua ngao ya plastiki chini ya injini, na intakula ikaonekana: kipozeo cha alumini chenye mapezi membamba, kama rejeta inayopitisha hewa badala ya maji. Kaka alilegeza klampu ya bomba la upande wa baridi, lile linalopeleka hewa kwenye injini, akavuta taratibu huku nimekinga beseni.

Yakatoka maji. Nilijua yatatoka, nilikuwa nimeambiwa, na bado nilishangaa kuyaona: majimaji ya kahawia iliyopauka, yamechanganyika na oili, yakitoka kwenye bomba ambalo kazi yake ni hewa peke yake. Yangejaza glasi nzima.

Kaka alinieleza tukiwa tumeketi sakafuni. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi, moshi ambao ungepotea bure, na yenyewe hubana hewa na kuisukuma kwenye injini. Hewa ikibanwa hupata moto, na inaweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi. Hewa ya moto hutanuka na kubeba oksijeni kidogo kwa ujazo uleule. Ndiyo maana hupitishwa kwanza kwenye intakula, ipozwe na upepo wa safari. Hapo ndipo unyevu unapojitokeza. Funua sufuria ya wali uone matone chini ya mfuniko: mvuke umegusa kitu kilichopoa, ukarudi kuwa maji. Ndani ya intakula hali ni hiyohiyo, na mgandamizo unazidisha, kwa kuwa hewa iliyobanwa huanza kutoa maji mapema kabla haijapoa sana.

Nikachukua kalamu kukadiria. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30, ikiwa imeshiba mvuke, hubeba takriban gramu 30 za maji. Injini ya lita 3 inayozunguka mara 2000 kwa dakika huvuta karibu mita 3 za ujazo kila dakika, hata kabla tabo haijaongeza yake. Kwa hiyo gramu 90 hivi za maji zinaweza kupita humo kwa dakika moja katika siku ya mvua. Mengi hupita yakiwa mvuke na hayadhuru. Lakini dereva akienda mwendo wa pole kwa muda mrefu, kiasi fulani hutulia chini ya kipozeo. Akikanyaga mafuta ghafla, upepo huyazoa yote kwa mkupuo, mwako unavurugika, gari linamisi.

Na oili je? Injini ina mrija wa kupumulia, na ukungu wa oili hurudishwa kupitia huo kwenye njia ya hewa. Utando mwembamba na vijiko vichache ni kawaida. Ikiwa ni nyingi na inarudi haraka, kuosha hakutoshi. Uchunguze mrija huo na sili za tabo. Kwa lori la dizeli jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu dizeli inaweza kuunguza oili iliyojaa humo, ikajiendesha yenyewe bila kutii ufunguo.

Tulishusha intakula nzima. Kila bomba lililobaki wazi lilizibwa kwa kitambaa safi, maana hata nati moja ikitumbukia upande wa tabo ni hasara kubwa. Tulitia mafuta ya taa, tukaziba midomo, tukaiinamisha huku na huku, tukaiacha iloweke, tukamwaga. Tukarudia mpaka yakatoka meupe. Kisha maji ya moto na sabuni ya vyombo, kisha maji matupu. Petroli hatukuigusa, mvuke wake ni moto unaosubiri cheche.

Nje, mapezi yalikuwa yamezibwa na wadudu weusi wenye shingo nyekundu, wanaoruka wawili wawili wameshikana. Huku huwaita lovebugs, na hujaa pwani ya Ghuba ya Meksiko kila Mei na Septemba. Tuliwatoa kwa maji ya kasi ndogo kutoka upande wa nyuma, kwani maji makali hukunja mapezi. Mzee jirani akaja, akainama, akauliza, akatoa ushauri. Nikafurahi kugundua kwamba boneti iliyo wazi hukusanya watu Texas sawasawa na Temeke.

Uchafu wote tuliutia kwenye dumu na kuupeleka kituo cha jiji kinachopokea taka hatari za majumbani. Mifereji ya barabarani hapa huishia kwenye vijito vinavyoelekea ghuba ya Galveston. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, inaeleza kwamba oili chafu ya gari moja ikibadilishwa mara moja inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi, karibu lita milioni 3.8. Niliufikiria mto Msimbazi, na oili tunayoimwaga kando yake.

Jumapili intakula ilianikwa juani, midomo ikitazama chini. Kaka alikataa kuharakisha: mafuta ya taa yakibaki ndani, injini itayavuta. Katika kusubiri huko alinisimulia kwamba Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la tabo mwaka 1905, na kwamba kampuni ya Saurer, ya Uswisi pia, iliitia kwenye injini ya lori mwaka 1938.

Jumatatu tulirudisha kila kitu, tukakaza klampu, tukawasha na kusikiliza kama kuna mlio wa hewa inayovuja. Hakukuwa nao. Tukatoka hadi I-10, na kaka akakanyaga mafuta. Pikapu ikaondoka bila kutetemeka hata kidogo, nami nikashangilia kwa sauti.

Wewe mwenye gari la tabo Dar, Tanga au Mombasa, unaishi kwenye hewa ileile ya Houston. Kila unapobadilisha oili, mwombe fundi alegeze bomba la chini la intakula, nawe uwepo uone kinachotoka. Kazi hii inataka vigoda imara, beseni, mafuta ya taa, jua la siku moja na subira. Vyote hivyo tunavyo.