Spika ikiacha kukwaruza, linda masikio ya watoto

Spika inayokwaruza huwa haivumiliki. Mtu yeyote aliye karibu ataomba ipunguzwe. Lakini ikitoa sauti safi, hakuna anayelalamika, na hapo ndipo masikio ya watoto yanapoumia bila wazazi kushtuka.

Hilo limeikuta familia moja ya Mbagala, Dar es Salaam. Baba wa familia hiyo, fundi seremala, amejiundia mwenyewe spika za honi ambazo hupiga muziki kwenye sherehe za mtaani. Siku za kawaida zinakaa sebuleni, na kila Jumapili hufunguliwa mchana kutwa.

Katika spika hizo, besi hutoka kwenye boksi kubwa na sauti za juu hutoka kwenye honi. Nyuma ya honi hufungwa draiva, kifaa chenye utando mwembamba unaotetemeka na kusukuma hewa kupitia tundu dogo. Ufundi huu si wa leo. Kampuni ya Western Electric ya Marekani ilitoa draiva yake maarufu, namba 555, mwaka 1926, wakati sinema zilipoanza kuwa na sauti.

Draiva zake za kwanza zilikuwa za bei rahisi. Alipopandisha sauti tu zilikwaruza, na mkewe alimfuata palepale: “Baba watoto, punguza, kichwa kinaniuma.”

Akadunduliza, akaenda Kariakoo na kununua draiva mpya zenye utando wa titani. Alichagua zenye tundu la inchi moja, sawa na la honi zake, akaweka na kapasita ili besi isiingie na kuunguza koili. Sauti ikawa nyororo. Mkewe akaisifu. Naye akazidi kupandisha.

Wiki chache baadaye, mtoto wao wa miaka mitano alimwambia mama yake wakati wa kulala: “Mama, kuna mdudu analia sikioni.” Asubuhi mlio uliisha, lakini mama hakupuuza. Jumapili iliyofuata alipakua programu ya kupima sauti kwenye simu, akakaa pale watoto wanapochezea. Ikasoma desibeli 90.

Programu za simu si sahihi kama vipimo vya wataalamu, ila zinatoa picha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usikilizaji salama unampa mtoto desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 90, mgawo wa wiki nzima unakwisha ndani ya saa moja na robo. Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena.

“Nimenunua draiva kwa hela nyingi, halafu nisizisikie?” alihoji mume.

“Utazisikia, baba watoto. Ila na huyu naye asikie akiwa mkubwa.”

Hakukuwa na haja ya kuziuza. Draiva inayozidi nyingine kwa desibeli tatu inahitaji nusu tu ya wati kutoa sauti ileile, kwa hiyo raha ya sauti safi inapatikana hata kwa sauti ya chini. Mama alichukua rangi ya kucha, akachora alama nyekundu kwenye kitufe cha amplifaya. Ndani ya nyumba, hapavukwi hapo. Honi nazo zimegeuzwa, hazielekei tena mkeka wa watoto.

Mzazi asiye na kipimo ajaribu hivi: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, muziki umezidi. Mtoto akilalamika mlio usiokwisha, au akianza kuuliza “nini?” kila mara, mpeleke hospitali akapimwe. Usimtie mafuta wala dawa ya kubahatisha sikioni.