Upande wa Kukatia

Baba na mdogo wangu walinuniana karibu mwezi mzima kwa sababu ya upande wa kukatia chuma. Najua hapa tumezoea kugombania riwaya, lakini nivumilieni na huu ugomvi wa karakana.

Mashine ya milingi ina kisu chenye meno kinachozunguka, na meza inayosogeza chuma kilichobanwa kwenye jiliwa. Njia ni mbili. Ya kwanza, meza iende kinyume na mwendo wa meno: jino linaanza kwa kusugua, halafu linachota zaidi na zaidi. Ya pili, meza ifuate meno: jino linachota nene toka mwanzo na kumalizia jembamba. Hii ya pili inatoa uso laini na kisu kinadumu.

Mdogo wangu alisoma kwenye mashine za kompyuta, yeye ni wa njia ya pili. Baba, mstaafu wa kiwandani, hataki hata kuisikia. Kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, kinaishia kwenye kiungo cha kwanza. Tulipokuwa wadogo tukimuuliza, alijibu tu, "Mashine ilivuta."

Kazi yangu ni kuuliza, basi nikamuuliza kila mmoja peke yake. Wote walinipeleka kwenye neno moja: plei. Mashine ikizeeka, skrubu ya meza na nati yake zinalika. Ukikata kwa kufuata meno, kisu kinaivuta meza ghafla mpaka ule ulegevu uishe. Hapo kisu kinavunjika, au chuma kinachomoka kwenye jiliwa. Mashine za kompyuta zina skrubu za gololi, plei karibu hakuna. Kila mtu alikuwa anasema kweli kuhusu mashine yake.

Ila mashine ambayo mdogo wangu kainunua kwa mkopo, pale Gerezani, ni ya enzi za baba.

Jumapili walikwenda wote. Mzee akamwambia azungushe mpini, kisha aurudishe. Ulizunguka robo nzima meza haijatikisika. Skrubu ile inasogeza milimita 5 kwa mzunguko, kwa hiyo plei ilipita milimita 1.

"Umeona, baba?"

"Nimeona, mzee. Ndiyo iliyokuvuta?"

"Ndiyo hiyo." Halafu akamsimulia yote, mpaka jina la zamu.

Siku hizi mdogo wangu anakata kinyume, mkato wa mwisho anaupitisha mwepesi sana, na anadunduliza hela ya nati mpya.