Jalada la Askari Aliyeuawa Kazini

Katika utumishi wake wote ndani ya Jeshi la Polisi Tanzania, mwandishi wa tawasifu hii alikuwa karani wa masijala, yaani ofisi inayotunza majalada ya watumishi, na kwa sababu hiyo vifo vya askari kazini vilimfikia kwa njia ya karatasi, baada ya gwaride la maombolezo kumalizika na viongozi kuondoka.

Pigo lililolitikisa jeshi zaidi katika miaka hiyo lilitokea Alhamisi, 13 Aprili 2017, mkesha wa Ijumaa Kuu, ambapo askari wanane waliokuwa wakirejea kutoka kubadilishana lindo, yaani zamu ya ulinzi, waliviziwa na kumiminiwa risasi wakiwa garini eneo la Jaribu, wilayani Kibiti, mkoani Pwani. Wauaji walitoweka na bunduki za askari hao, kama ilivyokuwa Julai 2015 katika Kituo cha Stakishari, Ukonga, ambako pia askari waliuawa na silaha kuporwa.

Askari wa vyeo vya chini hutambulika kwa namba inayotanguliwa na herufi, na kwa kuwa herufi husogea kadiri miaka ya ajira inavyosogea, karani mzoefu huweza kukisia umri wa marehemu kabla ya kufunua jalada. Ndani yake mara nyingi hukutana na barua ya maombi ya kazi iliyoandikwa kwa mkono, mwandiko ukiwa bado wa kishule.

Katika kufuatilia haki za marehemu, ndugu huanza na kikao cha ukoo, kinachompendekeza msimamizi wa mirathi, yaani mtu wa kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kugawa kinachobaki, kisha muhtasari hupelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Kwa maoni ya mwandishi, heshima anayopewa marehemu hupimwa katika hatua hii kuliko kwenye saluti, kwani wapo wajane waliogundua mbele ya meza ya masijala kwamba fomu ya warithi ina jina la mama mkwe peke yake, kwa kuwa mume aliijaza akiwa kuruta katika shule ya polisi huko Moshi, kabla hajaoa (na mama wakwe, kwa haki yao, hawakuwa wepesi kuachia).

Alipokaribia kustaafu, mwandishi alizoea kuwahimiza askari waliotoka kuoa wajaze fomu upya. Baadhi walijaza palepale, wengine wakasema kuandika mrithi ungali mzima ni uchuro.