Kuchagua Kikuza Sauti cha Vali

Katika vyombo vyote vya muziki viwekwavyo sebuleni, hakuna kisichoeleweka kama kikuza sauti cha awali. Kinanda cha santuri kila mtu akijua, maana hukiona kikizunguka. Spika kila mtu azijua, maana huzisikia. Lakini kile kisanduku kikaacho baina yao, ambacho wauzaji hukiita priampu, huonekana hakina kazi ila kuwa na vifundo vya kuzungusha. Tena tangu watu walipoanza kuvipenda upya vile vyenye vali, maneno yamekuwa mengi kuliko muziki. Mmoja husema sauti ya vali ina joto. Wa pili, ina asali. Wa tatu, asiyeitambua hana masikio. Mimi ni mwalimu, na mshahara wa mwalimu wajulikana. Sikuweza kununua joto wala asali pasipo kuuliza kwanza chombo chenyewe hufanya nini.

Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna uzi unaopashwa moto kwa umeme, na moto huo huifanya kathodi itoe elektroni, nazo hukimbilia bamba liitwalo anodi. John Ambrose Fleming aliipatia hataza vali ya kwanza ya namna hii huko Uingereza mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Lee de Forest wa Marekani akatia waya katikati ya njia, kama wavu, na hapo ndipo chombo kilipopata maisha mapya: badiliko dogo la umeme kwenye wavu huleta badiliko kubwa kwenye anodi. Ni kama bawabu mmoja, dhaifu wa mwili, ambaye kwa kusukuma mlango kidogo huuzuia au huuachilia umati mzima. Transista, iliyozaliwa katika maabara ya Bell mwaka 1947, hufanya kazi iyo hiyo bila moto wala kioo, na kwa gharama ndogo. Ndiyo iliyoziondoa vali katika redio zetu. Basi mtu akishauriwa leo anunue vali, ana haki ya kuuliza sababu ya kurudi nyuma.

Jibu la kweli ni kwamba vali huongeza kidogo kitu ambacho hakikuwamo. Ipe mlio wa mizunguko 220 kwa sekunde, nayo itakurudishia huo 220 pamoja na mwingine hafifu wa 440, ambao ni sauti ile ile iliyopanda oktavi moja. Sikio halihesabu jambo hilo kuwa kasoro, bali utamu. Ni chumvi katika mchuzi: kiasi chake ni hiari ya mlaji, walakini tusidai kwamba chumvi ilitoka shambani pamoja na mchicha.

Mimi nilikuwa na haja yangu. Marehemu baba yangu alipiga gita la besi katika bendi ndogo ya dansi hapa Mombasa katika miaka ya sabini. Kazi ya mpiga besi haina sifa. Watu humkumbuka mwimbaji, wakamkumbuka na mpiga gita la solo, naye wa besi husimama nyuma karibu na ngoma. Katika kazi yake yote ilisalia santuri moja tu, ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika, na jina lake halikuandikwa juu yake. Alifariki nikiwa mtoto mdogo, kabla ya simu za kunasia kila neno, kwa hiyo sauti yake ya kusema hatunayo. Tulichobakiwa nacho ni vidole vyake. Mama hakuwa amevisikia kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu kinanda chetu cha zamani kilipokufa. Nikapata kinanda kilichotumika, spika mbili kubwa za sanduku na amplifaya ya transista. Kikabaki kikuza sauti cha awali.

Santuri ina adabu yake. Sindano ya sumaku hutoa umeme wa kiasi cha volti 0.005 tu, hali kicheza diski hutoa kama volti 2, yaani mara 400 zaidi. Tena santuri hukatwa kwa kupunguza milio mizito na kuzidisha myembamba, ili mifereji isipanuke kupita kiasi. Chombo cha kuichezea hakina budi kuyageuza hayo kwa kipimo maalumu, kile kilichoanza kushikwa na watengenezaji wote tangu mwaka 1954. Kikuza sauti kisicho na sehemu hiyo, hata kikiwa na vali kumi, hakitakufaa kwa santuri. Na kwa yule mwenye diski au simu peke yake, kukuza kwingi si fadhila. Vali iitwayo ECC83 hukuza kwa kadiri ya mara 100. ECC82 haifiki 20. Ukimtilia mwenye diski ile ya kwanza, kifundo chake cha sauti kitaishia pale pale kinapoanzia, na jirani watalalamika.

Yuko mtaani Majengo mzee mmoja fundi wa redio, ambaye macho yamepungua lakini mikono bado. Nilimpelekea chombo cha kwanza, nilichopewa na muuza duka nikijaribu kabla ya kununua. Kilikuwa cha kupendeza, vali zake zikiwaka rangi ya machungwa. Mzee akakipindua, akafungua parafujo, akacheka. Chini ya kila vali palikuwa na kitaa kidogo kilichoiangaza kutoka chini, na anodi ilipewa volti 12, ilhali vali ya aina ile imeundwa kwa volti 100 hadi 250. "Mwalimu," akaniambia, "hii ni taa ya mezani." (Nanyi mnaosoma haya msiige kufungua. Ndani ya chombo cha vali cha kweli mna umeme wa kuua, na kapasita zake huweza kuuhifadhi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.)

Chombo cha pili niliazimwa na rafiki aliyekiagiza ng'ambo. Hicho kilikuwa cha kweli, kizito, tena kimewekwa kwa volti 240 za kwetu. Wengi hununua cha Marekani cha volti 120 wakakiunguza siku ya kwanza. Cha tatu alikiunda mzee mwenyewe kwa sanduku la bati lisilopakwa rangi. Cha pili kiliuzwa mara tatu ya bei ya cha tatu.

Mzee akakataa tuhukumu kwa macho. Alikuja nyumbani na mita yake, akavisawazisha vyote viwili vitoe umeme sawa, kwa maana sikio hudanganyika: kinachosikika kwa nguvu zaidi hulidhihirikia kuwa ndicho bora, ingawa tofauti ni ndogo mno. Kisha akatundika leso mbele ya vyombo, Mama akaketi kitini, tukaweka santuri.

Chombo cha kwanza kucheza kilikuwa kile cha ng'ambo. Mwimbaji alikuwa kana kwamba ameingia chumbani na kuvua viatu. Mama alitabasamu. Kisha akageuka kunitazama, akauliza, "Mwanangu, mbona baba'ko simsikii?"

Mzee hakusema neno. Akabadilisha waya nyuma ya leso, tukarudia santuri tangu mwanzo. Sauti ya mwimbaji ilipungua asali kidogo. Lakini chini yake lile gita likatembea, zito, bila haraka, na kidole cha Mama kikaanza kugonga mkono wa kiti.

Sababu yake si uchawi. Vikuza sauti vingi vya vali hupitisha sauti yake katika kapasita mlangoni pa kutokea, na kile cha ng'ambo kilikuwa na ndogo, ya maikrofaradi 0.22. Mtengenezaji wake hakukosea. Alikusudia amplifaya ya vali, ambayo huipokea sauti kwa ukinzani mkubwa. Amplifaya yangu ya transista huipokea kwa omu 10,000 tu. Kapasita ile na omu hizo zikikutana, milio iliyo chini ya mizunguko 72 kwa sekunde huanza kufifia, na uzi mnene kabisa wa gita la besi, ambao hulia kwa 41, hutoka na kama nusu tu ya nguvu zake za umeme. Vyombo viwili vyema, kila kimoja kwa nafsi yake, vilikuwa vimeungana kumfukuza mtu mmoja katika bendi. Mzee alikuwa ametia kapasita kubwa zaidi, na vali ya mwisho ameiunga kwa namna inayoisukuma sauti hata mahali penye ukinzani mdogo.

Nilimlipa shilingi 28,000, kwa awamu mbili, na juu yake nikanunua vali mbili za akiba zilizotengenezwa Slovakia, maana nyuzi zake hudumu saa elfu kadhaa na kisha huchoka.

Mama hukitumia mwenyewe niwapo shuleni. Nilimwandikia karatasi ya utaratibu: washa kisanduku cha vali kwanza, ngoja dakika moja, ndipo uwashe amplifaya, na kuzima iwe kinyume chake, kwa sababu vali zinapopata moto huweza kutoa kishindo cha kuumiza spika. Karatasi ameifungia vitumbua. Asema haihitaji, huketi akazitazama nyuzi mpaka ziwe nyekundu.