Paje maji yakitoka

Hebu tuambizane ukweli. Umeshawahi kulala kitanda kimoja na mwenzi wako, kila mtu kageukia ukuta wake, wewe ukiperuzi Instagram na kuhesabu raha za wenzio? Basi mimi nilikuwa bingwa wa mchezo huo.

Shoga yangu mmoja niliyesoma naye alitundika picha akiwa Paje, Zanzibar. Gauni jeupe, maji ya feruzi, mumewe kamshika kiuno. Usiku ule nikamwambia mume wangu, "Wenzetu wanaishi, sisi tunasukuma siku tu." Hakujibu, alivuta shuka. Wiki mbili baadaye akanikabidhi tiketi mbili za boti. Sikuuliza pesa katoa wapi. Mimi nilikimbilia kununua gauni jeupe!

Boti ya asubuhi kutoka Dar ilitumia kama saa mbili. Kutoka mjini Unguja hadi Paje, pwani ya mashariki, ni kama kilomita 50. Tukafika saa tano kasoro, nikateremka mbio kwenda ufukweni. Bahari hakuna! Mchanga mtupu, vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na maji yanametameta kule mbali kwenye mwamba.

Nikamgeukia mume wangu kana kwamba yeye ndiye aliyeyamwaga. "Yaani hata bahari umeniletea isiyo na maji?"

Safari hii alijibu, tena taratibu. "Mke wangu, hii ni pesa niliyokuwa naweka ya kiwanja. Nimeitoa kwa sababu ya picha ya mtu. Sasa niambie, nikupeleke wapi ndiyo nionekane natosha?"

Nilikosa la kusema. Nikajitembeza peke yangu kwenye mchanga mpaka kwa akina mama waliokuwa wameinama kwenye mashamba ya mwani. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti, wakavuna baada ya wiki chache, wakakausha na kuuza. Mwani huo huishia kwenye dawa ya meno na hata vipodozi tunavyojipaka kabla ya kupiga picha.

"Shikamoo bibi. Maji yamekwenda wapi?"

"Marahaba mwanangu." Akacheka. "Yametoka. Saa kumi yatakuwa hapa. Yakijaa wageni mwapiga picha, yakitoka sie twafanya kazi. Bahari ni hii hii."

Akaendelea kufunga kamba zake. Mimi nikabaki nimesimama.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa hupita kama saa sita. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hutoka mbali zaidi. Shoga yangu alipiga picha maji yamejaa, na nani asingefanya hivyo? Kosa lilikuwa langu, niliyechukua kupwa kwangu nikakupima na kujaa kwake, kila usiku, halafu bili nikampelekea mume wangu.

Nilirudi nikamwomba radhi. Saa kumi maji yalikuja kweli, yakafunika vijiti vyote. Tulipiga picha moja, gauni lina tope mpaka magotini. Ipo kwenye simu yangu na haijatoka humo.

Wivu haukuisha siku ile, nisikudanganye. Ila simu sasa inalala sebuleni. Kurasa zinazonichoma nimezinyamazisha bila kugombana na mtu. Na kila mwisho wa mwezi tunakaa wawili, tunaweka ya kiwanja pamoja. Ya shoga yangu yakipwa yanakuwaje, sijui, wala si kazi yangu kujua.

Ukienda Paje, waulize wenyeji saa za maji kabla ya kupanga siku yako. Ukipita kijijini jisitiri, na usiwapige picha akina mama wa mwani bila ruhusa. Na tembea hata maji yakitoka, mkono kwa mkono na wako. Kupwa nako kuna mengi ya kuona.